Kitabu cha Mapishi na Mgonjwa wa Kisukari

Wahenga walisema kuwa mgonjwa haulizwi uji. Neno hili ni kweli katika magonjwa mengi, lakini kuna ugonjwa mmoja unaolipinga. Mgonjwa wa kisukari hana budi kuulizwa uji, tena kuulizwa sana: ni wa unga gani, bakuli lake lina ukubwa gani, umetiwa sukari au haukutiwa, na utanywewa saa ngapi. Maswali haya ndiyo yaliyozaa aina ya kitabu ambacho watu wengi hukidharau kwa kukidhania kuwa ni cha jikoni tu, nacho ni kitabu cha mapishi ya watu wenye kisukari. Historia ya kitabu hiki yatuonyesha faida yake, na mipaka ya faida hiyo pia.

Kwanza yafaa kuujua ugonjwa wenyewe. Ndani ya tumbo la mwanadamu mna kiungo kiitwacho kongosho, ambacho hutoa insulini. Kazi ya insulini ni kuuwezesha mwili kuitumia sukari iliyomo katika damu. Kwa wagonjwa wengine, aghalabu watoto na vijana, kongosho hushindwa kuitoa. Kwa wengine, ambao ndio wengi zaidi, insulini huwapo lakini mwili hauitii ipasavyo. Kwa hali zote mbili sukari hurundikana katika damu na kumwagika katika mkojo. Sukari hiyo hutokana zaidi na vyakula vya wanga na vitamu, na kwa sababu hii jambo la chakula halikupata kutengana na tiba ya ugonjwa huu.

Kabla ya insulini kupatikana, chakula kilikuwa karibu ndiyo tiba pekee. Mwaka 1797 John Rollo, mganga wa jeshi la Uingereza, alichapisha habari za ofisa mmoja aliyeitwa Meredith, ambaye alimlisha nyama, maziwa, na damu iliyopikwa pamoja na mafuta, na kumnyima sehemu kubwa ya vyakula vya wanga. Sukari ilipungua katika mkojo wake. Baadaye mji wa Paris ulipozingirwa na majeshi ya Wajerumani katika miaka ya 1870 na 1871, Mfaransa Apollinaire Bouchardat aliona ajabu kubwa: njaa iliyowatesa wenyeji wa mji iliwapa nafuu wagonjwa wake wa kisukari. Akawashauri wale kidogo, wafanye kazi za mwili, na watumie mkate wa gluteni uliopunguzwa wanga.

Huko Marekani, Frederick Allen alilifikisha jambo hili mwisho wake. Tangu mwaka 1914 hivi, aliwafungisha wagonjwa chakula mpaka sukari ikatoweka katika mkojo, kisha akawarudishia chakula kidogo kidogo kwa mizani. Hapo ndipo haja ya kitabu ilipozidi. Mwaka 1915 kilitoka Boston kitabu cha Lewis Webb Hill na Rena Eckman kilichoeleza tiba hiyo pamoja na vyakula vyake. Mwaka 1917 Rebecca Oppenheimer alitoa kitabu cha mapishi ya kisukari. Na mwaka 1918 Elliott Joslin wa Boston aliandika mwongozo uliokusudiwa kusomwa na daktari na mgonjwa pia. Mapishi ya siku zile yalikuwa ya kusikitisha. Mboga zilichemshwa mara tatu, na kila mara maji yalimwagwa ili wanga utoke. Pumba za ngano zilioshwa mpaka zikabaki makapi matupu, kisha zikaokwa biskuti ili tumbo lipate cha kulijaza.

Msomaji wa leo huenda akayacheka mapishi haya. Lakini na amfikirie mama mwenye mtoto mgonjwa wakati ule. Mtoto alilia njaa, na kumshibisha kulikuwa kumwua. Kitabu kilimfundisha mama yule namna ya kumpa mwanawe kitu cha kutafuna bila ya kumdhuru. Kilimwongezea mtoto miezi, na mara nyingine mwaka au miwili, ingawa alidhoofu mpaka mifupa ikahesabika. Kiliahirisha msiba, hakikuuondoa.

Msiba uliondolewa na insulini. Mwaka 1921, mjini Toronto, Frederick Banting na Charles Best waliitafuta dawa hiyo katika maabara ya John Macleod, na James Collip akaisafisha. Mwezi wa Januari 1922 ilidungwa kwa mara ya kwanza mwilini mwa Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa karibu na kufa. Alipata nafuu, akaishi miaka 13 zaidi.

Mtu angalidhani kwamba siku ile kitabu cha mapishi kilipoteza kazi yake. Haikuwa hivyo. Insulini hushusha sukari ya damu, mgonjwa akiwa amekula au hakula. Chakula kikizidi, sukari hupanda. Kikipungua, sukari hushuka mno, na mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, na huweza kuzirai. Hivyo dawa na chakula vilipasa kulinganishwa kila siku kama vitanga viwili vya mizani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na kwa mgonjwa huyu mali ni uhai wake.

Mtu aliyelifahamu jambo hili kwa mwili wake ni Robert Lawrence, daktari Mwingereza. Aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 1920, akaenda kufanya kazi Florence, katika Italia, akitazamia kufa. Mwaka 1923 alipata habari kwamba insulini imefika London na kwamba yafaa. Akarudi, akatibiwa, akaishi mpaka mwaka 1968. Mwaka 1925 alitoa kitabu kuhusu maisha ya mwenye kisukari, kikasomwa kwa miaka mingi. Alibuni hesabu nyepesi ya chakula: mafungu meusi yalikuwa ya wanga, gramu 10 kila fungu, na mafungu mekundu yalikuwa ya protini na mafuta. Mgonjwa aliyeweza kuhesabu vidole vyake aliweza kujipangia mlo. Mwaka 1934 Lawrence na mwandishi H. G. Wells, ambaye naye alikuwa na kisukari, waliunda chama cha wagonjwa wenzao.

Wamarekani nao, mwaka 1950, walitoa orodha za vyakula vya kubadilishana. Kipande cha mkate, nusu kikombe cha wali na kiazi kidogo viliwekwa katika orodha moja, na mgonjwa akaruhusiwa kuchagua kimoja badala ya kingine. Jambo hili laonekana dogo, nalo ni kubwa. Mgonjwa aliyekuwa akiamriwa alianza kuchagua, akaweza kuketi mezani pamoja na jamaa zake.

Walakini kitabu huzeeka. Vitabu vya kale viliruhusu mafuta mengi kwa kuyakimbia mawanga. Baadaye ilijulikana kuwa wenye kisukari wamo katika hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo, na ushauri huo ukabadilishwa. Hugh Trowell, daktari aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30, alishirikiana na Denis Burkitt katika kitabu cha mwaka 1975 kilichozitazama hasara za vyakula vilivyokobolewa na kuondolewa nyuzinyuzi. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake, huko Toronto, walivipanga vyakula kwa kadiri ya upesi wake wa kupandisha sukari ya damu. Kunde na maharagwe vilionekana kuwa vya polepole.

Tena kitabu hakifai ikiwa chataja vyakula visivyomo jikoni mwa msomaji. Kitabu kisemacho mkate na siagi kitamsaidia nini mtu alaye ugali, githeri, chapati na muhogo? Kwa hiyo lilikuwa jambo jema kwamba mwaka 2018 Serikali ya Kenya na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa zilitoa majedwali ya vyakula vya Kenya, pamoja na kitabu cha mapishi ya nchi hii na virutubishi vyake. Vitabu hivi ni vya watu wote, si vya wagonjwa peke yao. Lakini bila ya vipimo kama hivyo hakuna awezaye kumwandikia mgonjwa wa Kenya kitabu cha kuaminika. Vipimo hufukuza dhana. Wapo wadhanio kuwa uji wa wimbi au asali havina hesabu kwa mwenye kisukari, na kumbe wimbi lina wanga na asali ni sukari.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kitabu kinachoahidi kumponya mgonjwa kwa chakula tu, hata akaiacha dawa yake. Mtoto ambaye kongosho lake halitoi insulini hawezi kuokolewa na mpishi yeyote. Miaka ya kabla ya 1922 ni ushahidi wa kutosha. Kitabu chema ni kile kinachokwenda sambamba na daktari, kinachopima, na kinachojua sufuria ya msomaji wake. Kitabu cha namna hii humwuliza mgonjwa uji, kisha humfundisha kujijibu mwenyewe.