Kiroboto katika Kiingereza: Maneno, maana na asili yake

KIROBOTO ni mdudu mdogo asiye na mabawa, anayeishi kwa kufyonza damu ya wanyama na binadamu. Pamoja na udogo wake, ameacha alama kubwa katika lugha ya Kiingereza, na anayetafsiri maneno yanayomhusu kwa kufuata umbo tu hupotoka, wakati mwingine hata katika masuala ya tiba.

Jina lake la Kiingereza, "flea", ni la kale na lina ndugu katika lugha za jirani: Wajerumani humwita "Floh" na Waholanzi "vlo". Kwa Kilatini ni "pulex", neno lililozaa "puce" la Kifaransa. Mwaka 1758, mwanasayansi Carl Linnaeus wa Sweden alimpa kiroboto wa binadamu jina la Pulex irritans, yaani kiroboto anayewasha.

"Puce" liliingia katika Kiingereza karne ya 18 likiwa jina la rangi ya hudhurungi inayoelekea zambarau, inayofanana na ya mdudu huyo. Rangi hiyo ilivuma katika kasri la Mfalme Louis XVI wa Ufaransa miaka ya 1770.

Ufaransa pia ndiyo chimbuko la "flea market". Hiyo ni tafsiri ya "marché aux puces", jina la masoko ya vitu vilivyokwisha kutumika, likiwamo soko maarufu la Saint-Ouen, kaskazini mwa Paris. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba nguo na samani kuukuu zilidhaniwa kuwa na viroboto. Waingereza walilichukua jina hilo mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa Kiswahili, soko la mitumba ndilo linalokaribia maana hiyo, ingawa huko huuzwa pia vyombo, vitabu na picha.

Dharau kwa vitu vya bei nafuu inaonekana pia katika "fleapit", jina ambalo Waingereza huliita jumba la sinema lililochakaa. "Flea-bitten" nalo hutajia farasi mweupe au wa kijivu mwenye vidoa vya kahawia, na pia kitu chochote duni.

Wapo viroboto wa misemo. Mfaransa akisema ametiwa kiroboto sikioni, maana yake ameanza kushuku jambo. Mwingereza akiondoka na kiroboto sikioni, amekaripiwa vikali. Ndiyo maana mchezo wa kuigiza wa Georges Feydeau wa mwaka 1907, unaohusu mke anayemshuku mumewe, hubadilika ladha jina lake linapotafsiriwa kwa Kiingereza.

Neno linalowagusa zaidi wakazi wa Afrika Mashariki ni "jigger", umbo lililobadilika la "chigoe", lililotoka eneo la Karibiani. Huyo ni funza au tekenya, ambaye ni kiroboto halisi. Jike lake huchimba ngozi, hasa ya miguu, na kuvimba kwa mayai. Asili yake ni bara la Amerika. Alifika Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa amevuka bara hadi Afrika Mashariki.

Hapo ndipo ulipo mtego. Nchini Marekani, "chigger" si kiroboto, bali ni buu la mdudu wa jamii ya utitiri, ambaye huuma juu ya ngozi na kuachia, bila kuingia ndani. Anayesoma ushauri wa tiba ulioandikwa kwa Wamarekani akidhani unahusu funza, atakuwa anatibu ugonjwa mwingine huku mdudu akiendelea kukua mguuni.

Hivyo, kabla ya kutafsiri neno la aina hiyo, ni vyema kwanza kujua aliyeliandika anatoka wapi na anamzungumzia mdudu gani.