Utabiri wa mvua za msimu: sisi wa Kilosa tusome upi?

Wadau, kila TMA wakitoa utabiri watu wanagawanyika. Huyu anakimbilia mbegu, yule anasema hao waongo tu. Tuelewane kwanza ni kitu gani.

Utabiri wa msimu haukwambii Jumanne itanyesha. Unaongelea jumla ya mvua ya miezi kadhaa kwenye eneo kubwa, ukilinganisha na rekodi za miaka 30: chini ya wastani, wastani, au juu ya wastani. Tena ni uwezekano, sio ahadi. Wanaweza kuona mbali hivyo kwa kuwa bahari hupata joto na kupoa taratibu. Pasifiki ikichemka (ndo El Niño hiyo) na Bahari ya Hindi upande wetu ikawa na joto kuliko upande wa Indonesia, vuli inazidi. Ilikuwa hivyo 1997, na tena 2023. Mwaka 2019 Pasifiki ilitulia, lakini Bahari ya Hindi peke yake ikatosha kutumwagia.

Sasa njoo kwetu Magomeni. TMA wanaikata Morogoro vipande viwili. Kaskazini mwa mkoa iko kundi moja na Dar, Pwani, Tanga, Unguja na Pemba: vuli Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Kusini inapata mvua moja ndefu, Novemba hadi Aprili. Kilosa tuko hapo katikati, kwa hiyo anayesikiliza tangazo la vuli tu kapata nusu ya habari.

Halafu kuna Mkondoa, na hapa ndo wengi tunapigwa chenga. Maji yake mengi yanatoka upande wa Dodoma, huko Mpwapwa. Juu yetu jua linaweza kuwaka huku mto unajaa. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliacha maelfu ya watu wilayani bila makazi na kukata reli ya kati. Mwaka ule nao ulikuwa wa El Niño.

Kwa hiyo ukisikia utabiri wa Dodoma usizime redio, unatuhusu. Wa vuli hutoka kama Agosti, wa mvua za Dodoma kama Oktoba, wa masika kabla ya Machi. Huo wa msimu uutumie kuchagua mbegu, ya muda mfupi au mrefu, na kuamua kama mpunga uutie bondeni. Siku ya kupanda fuata ule wa siku kumi.