Namna ya kutambua Subaru WRX halisi, na hatari ya kubadilisha gia za difu kiholela

KATIKA barabara inayopita Amagoro kuelekea mpakani Malaba, magari yaliyotumika kutoka Japani ni jambo la kila siku. Hushushwa katika bandari ya Mombasa, yakaendeshwa hadi Malaba au Busia, kisha yakavuka kuingia Uganda. Miongoni mwao, na miongoni mwa yale yanayouzwa na wakazi wa eneo hili, gari linalowatoa vijana jasho ni Subaru Impreza WRX.

Mapenzi hayo yana historia. Impreza ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1996 ikiendeshwa na Kenneth Eriksson, mwaka 1997 ikiwa na Colin McRae, na mwaka 2000 ikiwa na Richard Burns. Tangu hapo, kila mwenye gari la aina hiyo hutamani lionekane kama lile la mashindano. Beji za rangi ya waridi hubandikwa, bawa refu likafungwa nyuma, na gari la kawaida likapewa bei ya STi.

Mnunuzi wa upande wa Kenya anapaswa pia kukumbuka umri. Kanuni ya ubora KS 1515 hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane tangu mwaka liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Uganda nayo ilipiga marufuku mwaka 2018 uingizaji wa magari yenye zaidi ya miaka 15. Kwa hiyo Impreza ya miaka ya 1990 inayouzwa leo iliingia zamani, ikapita mikononi mwa watu wengi na mafundi wengi. Na ukiambiwa kwamba gari ni rahisi kwa kuwa lilikuwa safarini kwenda ng'ambo ya mpaka, jua kwamba huenda ushuru wake haujalipwa Kenya. Gari la namna hiyo linaweza kutwaliwa hata kama wewe ulilipa kwa nia njema.

Ukweli wa gari umeandikwa chini ya boneti. Magari yaliyoundwa kuuzwa ndani ya Japani hayana ile nambari ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayotumika Marekani na Ulaya. Yana nambari fupi ya chesisi, iliyogongwa kwenye chuma, inayoanza na jina la modeli. GC8 ni Impreza ya kizazi cha kwanza yenye injini ya lita mbili, na GF8 ni ndugu yake wa mgongo mrefu. Katika kizazi cha pili, kilichoanza mwaka 2000, GDA ni WRX na GDB ni STi. Mtu akikuuzia STi ya kizazi hicho ilhali chesisi inasoma GDA, mazungumzo ya bei yaanze upya.

Kwa GC8 mambo ni magumu zaidi, maana WRX na STi zote hubeba herufi hizo hizo. Hapo ndipo kibati cha kiwandani kinapohitajika. Kibati hicho kina msimbo kamili wa modeli, msimbo wa vifaa vya hiari, rangi ya mwili, rangi ya viti, pamoja na aina ya injini na giaboksi. Nakili kila herufi, kisha ulinganishe na orodha ya vipuri ya Subaru. Usikubali kusomewa na muuzaji. Kama nambari ya giaboksi iliyo kwenye kibati haifanani na ile iliyo kwenye giaboksi yenyewe, limebadilishwa. Hilo si kosa, ila ni lazima ujue ni lipi lililowekwa mahali pake.

Ipo pia dalili inayoonekana kwa macho. Baadhi ya matoleo ya Type RA yaliyokusudiwa mashindano yalipewa difu ya katikati inayorekebishwa na dereva, kwa kijigurudumu kidogo kilicho karibu na breki ya mkono. Beji hununuliwa dukani kwa bei ndogo, lakini mfumo huo haubandikwi kwa gundi.

Sasa tuje kwenye difu, mahali ambapo fedha nyingi hupotelea. Ndani ya difu kuna gia mbili: pinioni ndogo inayozungushwa na propela, na kraunwili kubwa inayozungusha magurudumu. Uwiano wa meno yake ndio unaoamua tabia ya gari. Katika uwiano wa 3.900, propela huzunguka karibu mara nne ili gurudumu lizunguke mara moja. Baadhi ya Type RA zilikuwa na 4.444. Tofauti hiyo ni asilimia 14 hivi. Injini iliyokuwa ikizunguka mara 2,500 kwa dakika katika mwendo fulani itazunguka takriban mara 2,850 kwa mwendo huo huo. Gari litachomoka upesi na kupanda mlima kwa urahisi, lakini litapiga kelele na kunywa petroli zaidi katika safari ndefu ya Nairobi. Kwa mtu asiyeshiriki mashindano, sioni faida kubwa ya kuiacha 3.900 iliyo nzima.

Anayeshikilia kubadilisha ajue jambo moja kabla ya mengine yote. Subaru hii husukuma magurudumu yote manne, na gia za mwisho za magurudumu ya mbele zimo ndani ya giaboksi. Ukibadilisha difu ya nyuma peke yake, mbele na nyuma zitataka kwenda kwa kasi mbili tofauti. Difu ya katikati itateleza bila kupumzika, itapata moto na hatimaye kuharibika, pengine pamoja na giaboksi. Fundi aliyezoea difu za malori yanayopanga foleni Malaba anaweza kuwa hodari sana na bado asilifikirie hilo, kwa kuwa lori la kawaida halina gia hizo mbele.

Ugumu hauishii hapo. Baadhi ya WRX za kizazi cha pili zina 3.900 mbele na 3.545 nyuma, na bado ziko sawa. Ndani ya giaboksi mna gia nyingine ya 1.1 inayopeleka nguvu nyuma, na 3.545 mara 1.1 ni 3.9. Asiyejua hesabu hiyo anaweza kuharibu gari zima akidhani analirekebisha.

Njia iliyo salama, na mara nyingi rahisi kuliko kufungua giaboksi, ni kununua giaboksi na difu vilivyotoka katika gari moja. Kabla ya kulipa, hakikisha kwa kuhesabu meno, au zungusha shafti ya kuingilia ya difu na kuhesabu mizunguko huku pande zote mbili za kutokea zikizunguka pamoja. Tazama pia ukubwa: difu ya R180 iliyo katika STi za GDB ni kubwa kuliko R160 ya WRX, na shafti zake hazibadilishani hivi hivi.

Kama ni lazima gia zenyewe zibadilishwe, kraunwili na pinioni hununuliwa zikiwa jozi. Zimesagwa pamoja kiwandani na hazichanganywi na za jozi nyingine. Fundi apake rangi kwenye meno aone yanagusana wapi, na apime nafasi iliyo kati yake kwa kipimo cha saa, kwani nafasi hiyo ni sehemu ndogo tu ya milimita. Anayepima kwa kutikisa kwa mkono mtafutie kazi nyingine. Oili iwe ya daraja la GL-5 kwa difu ya nyuma. Kilomita za kwanza mia chache ziendeshwe polepole, kisha oili imwagwe na kukaguliwa kama ina chembe za chuma.

Baada ya kazi, gari lizungushwe taratibu kwenye lami, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Likisita na kurukaruka kana kwamba breki zimeshika, au pakanuka kitu kinachoungua, lizimwe hapo hapo na lirudishwe karakana kwa kuvutwa, magurudumu yote manne yakiwa juu ya gari la kubebea.