Swichi iliyohama: kompyuta hufanya nini ikishazimwa

Kompyuta ya IBM iliyozinduliwa New York tarehe 12 Agosti 1981 ilikuwa ikizimwa, imezimika kweli. Ubavuni, karibu na nyuma, kulikuwa na swichi kubwa nyekundu. Ukiishusha, umeme ulikatika kwenye boksi zima na kila kilichokuwa ndani ya RAM kikapotea. Ukiiwasha tena kesho yake, kabla ya kazi yoyote ilikuuliza tarehe ya leo. Mwenye haraka aliyepita bila kujibu alijikuta yuko tarehe 1 Januari 1980, na kila barua au hesabu aliyohifadhi siku hiyo ikabeba tarehe hiyo. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 1,565, na kwa fedha zote hizo mashine haikuweza kuhesabu siku peke yake.

Hata kujua ina viendeshi vingapi vya disketi au kumbukumbu kiasi gani ilikuwa kazi ya mkono. Kwenye ubao mkuu, ule ambao mafundi wetu huuita mazabodi, palikuwa na swichi ndogondogo ambazo fundi alizisukuma kwa ncha ya kalamu. Ukiongeza kifaa, unafungua boksi na kuzipanga upya. Makampuni mengine yaliona soko hapo, yakaanza kuuza kadi za kuchomeka zenye saa na betri.

Agosti 1984 IBM ilitoa modeli ya AT, na hiyo ndiyo iliyoweka msingi wa mambo yanayoendelea hadi leo. Ndani yake kulikuwa na chipu ya Motorola, MC146818, inayolishwa na betri ya lithiamu wakati umeme haupo. Kumbukumbu yake yote ilikuwa baiti 64. Kumi zilikuwa za saa, kalenda na kengele, nne za kuiongoza chipu yenyewe, na 50 zilizosalia IBM ikazitumia kuandika yale yaliyokuwa yakipangwa kwa ncha ya kalamu: aina ya diski, kiasi cha kumbukumbu, aina ya skrini. Baiti 50 hazitoshi hata kuandika sentensi hii uliyomaliza kuisoma, lakini ziliipa mashine uwezo wa kuamka ikijua ina viungo gani.

Saa yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Ukifungua kompyuta ya mezani, tafuta kikopo cha rangi ya fedha, chembamba kama punje ya mchele, mara nyingi karibu na betri ya duara. Ndani yake mna kipande cha kwatsi kilichokatwa mfano wa uma wenye meno mawili. Kikipata umeme kidogo sana kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ilichaguliwa kwa makusudi: igawe kwa mbili, jibu uligawe tena kwa mbili, fanya hivyo mara 15, na unabaki na moja. Mtetemo mmoja kwa sekunde, tena kwa saketi rahisi isiyojua hesabu nyingine yoyote zaidi ya kugawa kwa mbili. Hesabu hii ilitoka kwa watengenezaji wa saa za mkononi wa miaka ya 1970, na kompyuta ikairithi jinsi ilivyo. Usiku umeme umekatika mtaa mzima, plagi imechomolewa, kile kipande cha kwatsi kinaendelea kutetemeka.

Betri ndiyo iliyokuwa na historia ya maumivu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji wengi walichomelea kwenye ubao betri za nikeli na kadimiamu, zinazojichaji mashine ikiwa imewashwa. Zilipozeeka zilivuja, na maji yake yakala njia za shaba zilizo jirani. Kompyuta nyingi za enzi hiyo ambazo leo zingewekwa makumbusho ziliuawa hivyo, zikiwa zimefunikwa vizuri stoo, bila mtu kuzigusa. Baadaye ikazoeleka ile sarafu ya lithiamu iitwayo CR2032, volti 3, kipenyo milimita 20, unayoitoa kwa ukucha na kuweka nyingine.

Jambo moja ambalo wenye maabara za kompyuta mashuleni wangefaidika kulijua: mashine ikiwa kwenye soketi yenye umeme, hata kama imezimwa, saa yake kwa kawaida hulishwa na umeme huo na sarafu hupumzika. Ukiichomoa mwaka mzima, sarafu inabeba mzigo peke yake na inaisha mapema. Ikiisha, tarehe inarudi miaka mingi nyuma, kisha kivinjari kinakataa kufungua tovuti za benki au barua pepe kwa sababu vyeti vyao vya usalama vinaonekana bado havijaanza kutumika. Mwenye mashine anadhani intaneti imeharibika, ananunua bando jingine, kumbe tatizo ni sarafu.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja mwaka 1995. Waliotumia kompyuta za kabla ya hapo wanaikumbuka ile swichi nzito ya mbele iliyobofya kwa kishindo. Waya mnene ulipitisha umeme wa ukutani hadi kwenye swichi hiyo, na kidole chako ndicho kilichoukata. Windows 95 ilipomaliza kufunga kazi iliandika kwa rangi ya chungwa kwamba sasa ni salama kuzima, kwa sababu yenyewe haikuwa na njia ya kujikatia umeme kwenye mashine hizo. Mwaka huohuo Intel ilitoa muundo mpya uitwao ATX. Kuanzia hapo kitufe cha mbele hakikati kitu. Kinapeleka ombi tu, na ubao ndio unaoiambia pawa saplai iwashe au izime. Ili ubao uweze kusikia ombi hilo, lazima uwe macho, kwa hiyo pawa saplai hutoa volti 5 kupitia waya wa zambarau muda wote plagi ikiwa na umeme.

Walioandika kanuni walilijua hilo waziwazi. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba walitoa mwongozo wa ACPI, na humo kuna kuzima kwa namna mbili: kuzima kwa programu, ambako umeme mdogo unabaki, na kuzima kwa mkono, ambako mkondo umekatwa kabisa na betri ya saa tu ndiyo inayofanya kazi. Kitufe cha mbele kinampa mtumiaji ile namna ya kwanza.

Volti 5 zikishakuwepo, wahandisi walipata kazi nyingi za kuzipa. Kadi ya mtandao iliachwa ikisikiliza. AMD ilibuni ujumbe ambao kadi iliyolala inautambua: baiti 6 ambazo biti zake zote ni 1, kisha anwani ya kadi hiyo ikirudiwa mara 16, jumla baiti 102. Ukipita kwenye waya, mashine inaamka. Msimamizi wa ofisi yenye kompyuta 200 anaweza kuziamsha zote saa nane usiku, akazifanyia marekebisho, akazizima kabla watu hawajafika kazini. Hii ni faida ya kweli, sina ubishi nayo. Ndiyo maana taa ya kijani pale unapoingia waya wa mtandao inaweza kupepesa ingawa skrini ni nyeusi.

Ninachobishana nacho kilikuja baadaye. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 Intel iliweka ndani ya chipu za ubao kompyuta nyingine ndogo, yenye programu zake, inayoweza kufanya kazi mashine kubwa ikiwa imezimwa lakini iko kwenye umeme. Mwaka 2017 ilijulikana kwamba katika matoleo mapya ya wakati huo inaendeshwa na MINIX, mfumo ambao Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam, aliutoa mwaka 1987 kufundishia wanafunzi. Tanenbaum aliandika barua ya wazi kwa Intel akisema angependa tu wangemwarifu. Mei mwaka huohuo Intel ilitangaza kasoro katika huduma ya kuongoza mashine kwa mbali: pale ambapo huduma hiyo ilikuwa imewashwa, aliyetuma jibu tupu mahali pa nywila aliweza kuingia. Kasoro ilikuwa imekaa kwenye mashine za ofisi kwa miaka mingi.

Mashine za ofisi za Ulaya ni miongoni mwa zinazokuja kuuzwa kwenye maduka ya Kariakoo na Luthuli Avenue zikiwa zimetumika. Kuziba kasoro ile kulihitaji programu mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kila modeli, na anayenunua kompyuta ya mkono wa pili mara chache anaambiwa kama ilishafanyiwa hivyo. Muuzaji anamwonyesha diski, RAM na skrini. Hili halionekani.

Agosti 2017 watafiti wa Positive Technologies waligundua kwamba ndani ya programu ya Intel kuna biti moja inayoinyamazisha sehemu kubwa ya kompyuta ile ndogo. Intel ilikiri kwamba iliiweka kwa ajili ya mpango wa usalama wa serikali ya Marekani. Kwa hiyo swichi ya kuzima ipo, na imekuwapo. Mwalimu wa Mwanza au mhasibu wa Mombasa, aliyelipia mashine yake kwa fedha zake, angestahili kuikuta kwenye menyu ya mipangilio, imeandikwa kwa maneno ya kueleweka. Kwa sasa, mwenye kompyuta ya mezani bado ana soketi ya ukutani. Mwenye laptopu ambayo betri yake imefungiwa ndani hana hata hiyo.