Vibwengo Wanne na Nusu Karne ya Mahesabu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na sababu yake ni vibwengo wanne.

Mnaoujua mchezo wa Dungeons & Dragons mtanielewa upesi. Kwa wengine: ni mchezo wa mezani. Msimamizi anaeleza kilichopo mbele yenu, pango, barabara, joka limelala juu ya dhahabu. Wachezaji, kila mmoja na mhusika wake (askari, mchawi, mganga, mwizi), wanasema watafanya nini, na dadu ndiyo inayoamua. Hakuna tarakilishi. Msimamizi ndiye tarakilishi.

Mwezi uliopita nilisimamia kwa mara ya kwanza, na wachezaji wangu wanne hawakuwa wamewahi kucheza. Nilitumia hadithi ya Lost Mine of Phandelver, ile iliyokuja katika sanduku la wanaoanza la mwaka 2014. Pambano lake la kwanza kabisa ni vibwengo wanne wanaovizia njiani. Kufikia raundi ya tatu wahusika watatu walikuwa chini. Mchezaji mmoja alikuwa ametumia karibu saa nzima kumtungia mchawi wake ukoo, hadi jina la nyanya yake. Alifunga daftari akasema mchezo huu haumfai. Hajarudi mpaka leo.

Nilijilaumu. Kisha nikafanya kile ambacho watu wa kazi yangu hufanya wakijilaumu: nikaandika programu ya kukokotoa ugumu wa pambano. Majibu yake yalinishangaza, nikaanza kufukua vitabu vya zamani kujua ni nani aliyesema kwanza kwamba ugumu wa pambano unaweza kuhesabiwa.

Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo huu mwaka 1974, vijitabu vitatu ndani ya sanduku, nakala 1,000 tu za kwanza, hakukuwa na fomula ya namna hiyo. Kulikuwa na ngazi za kushukia chini. Mapango yalipangwa kwa orofa, na majedwali ya madubwana yalifuata orofa: kadiri ulivyoshuka ndivyo ulivyokutana na wakali zaidi. Dadu ingeweza kukutolea mkali hata juu, lakini kwa jumla mchezaji alijua anachokifuata chini.

Angalia sasa jinsi walivyowazuia wenye nguvu wasikae juu wakiwaonea wanyonge. Alama za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika ngazi, zilipunguzwa kwa uwiano. Mchawi wa ngazi ya 8 akifanya kazi katika orofa ya 5 alipata sehemu 5 kati ya 8 ya alama zake. Basi! Hakuna aliyemkataza, ila mshahara ulikatwa. Mimi nikiona hivyo navua kofia, maana ni mstari mmoja wa msimbo unaofanya kazi ya kurasa kumi. Isitoshe, alama nyingi zilitokana na dhahabu, si kuua, kwa hiyo mwenye akili aliiba akakimbia. Kanuni zilieleza hata kutupa chakula nyuma yako ili dubwana anayekufukuza asimame kula. Aidha, dadu ilirushwa kujua kama dubwana ana nia mbaya au la. Kukutana naye hakukumaanisha lazima mpigane.

Kwa hiyo swali la "pambano hili ni gumu mno?" lilijibiwa na mchezaji, akiwa amesimama juu ya ngazi na taa mkononi. Akishuka akafa, aliyeshuka ni yeye.

Mwaka 1975 Ken St. Andre wa Arizona alitoa mchezo wake, Tunnels & Trolls, ambamo dubwana angeweza kuelezwa kwa namba moja tu, na hiyo namba ndiyo iliyotoa dadu zake zote za kupigana. Hii ndiyo mara ya kwanza ninayoona mtu akiminya dubwana mzima kuwa namba moja. Ila namba ile ilikuwa dubwana mwenyewe. Haikuwa hukumu kwamba anakufaa wewe.

Hukumu ilikuja baadaye. Kitabu cha Rules Cyclopedia cha mwaka 1991 kiliweka njia ya hiari ya kulinganisha jumla ya ngazi za wahusika na nguvu za madubwana. Lakini mabadiliko makubwa ni ya mwaka 2000. Wizards of the Coast walikuwa wameinunua kampuni ya TSR mwaka 1997, na toleo la tatu, la Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams, lilimpa kila dubwana kipimo cha ugumu. Dubwana wa kipimo cha 5 anatosha wahusika wanne wa ngazi ya 5. Kutosha maana yake nini? Kitabu kilijibu: pambano hilo litawamalizia kama asilimia 20 ya akiba yao, yaani uhai, uchawi, dawa. Mapambano manne kwa siku, halafu mlale. Mapambano kama 13 hivi, mpande ngazi.

Soma tena hiyo asilimia 20. Kipimo hakikupima hatari ya kufa. Kilipima matumizi, kama bajeti ya nyumba, na kilidhani siku ina mapambano manne. Wachezaji waligundua upesi kwamba mchawi anaweza kumaliza uchawi wote katika pambano la asubuhi, kikundi kikarudi kulala saa tatu na robo. Kipimo kikawa hakina maana, ilhali namba iko pale pale kitabuni.

(Kitabu hicho hicho kilishauri kwamba mapambano 5 kati ya 100 yawe ya kuwazidi wachezaji nguvu, ya kukimbiwa. Nani alikumbuka hilo? Ukishampa mtu kikokotoo, anaamini kila jibu lake ni pambano la kupigana.)

Toleo la nne la mwaka 2008 lilijaribu kuziba tundu hilo kwa kuwapa wahusika uwezo unaorudi baada ya kila pambano. Hesabu zikawa safi: wahusika watano wa ngazi ya 1, alama 100 kila mmoja, bajeti 500, nenda dukani ununue madubwana. Kwa macho ya mwanaprogramu ni toleo zuri kuliko yote. Mapambano yakawa marefu, watu wakapiga miayo, na mwaka 2010 kitabu cha tatu cha madubwana kikaongeza madhara ya mapigo yao.

Sasa turudi kwa vibwengo wangu. Toleo la tano lilirudisha hesabu ya siku nzima, mapambano sita hadi manane, na likaongeza jambo la maana: kizidishi cha idadi. Sababu yake inajulikana tangu Frederick Lanchester, mhandisi Mwingereza, alipoandika mwaka 1916 kwamba nguvu ya kikosi kinachopiga risasi hukua kwa mraba wa idadi ya watu wake. Vibwengo wanne wanapiga mara nne kwa raundi. Dubwana mmoja mwenye uhai wa wote wanne anapiga mara moja.

Fomula ni hii. Kibwengo ana alama 50, wanne ni 200. Madubwana watatu hadi sita, zidisha kwa 2: unapata 400. Kwa wahusika wanne wa ngazi ya 1, mpaka wa "hatari ya kifo" ni 100 mara nne. Yaani 400 kamili! Pambano la kwanza la sanduku la wanaoanza lilikuwa la kufisha kwa fomula ya wenye mchezo wenyewe. Sanduku lilitoka Julai, na kitabu cha msimamizi chenye fomula kikafuata Desemba. Sanduku lilikuwa na wahusika watano tayari, na kwa watano pambano linashuka hadi "gumu". Mimi nilikuwa na wanne.

Nikaingiza vibwengo wale wale katika kitabu cha mwaka 2024. Kizidishi kimeondolewa. Jumla ni 200, na 200 kwa wahusika wanne wa ngazi ya 1 ni daraja la chini kabisa. Ni kweli wahusika wa 2024 wameongezewa nguvu, na uchawi wa kuponya nao umeongezwa. Lakini kutoka kufisha hadi kuwa rahisi?

Halafu nikagundua ambacho fomula zote mbili hazikuuliza. Mchawi wa ngazi ya 1, kwa kanuni za 2014, ana uchawi wa kulaza unaorusha dadu tano za pande nane, wastani 22 na nusu. Kibwengo ana uhai wa 7. Wakiwa wamekaribiana, watatu wanalala na pambano limekwisha. Mchawi wangu alikuwa na uchawi huo. Vibwengo walitangulia, mishale miwili, akaanguka kabla ya zamu yake. Pambano ni lile lile, namba ni ile ile, na jibu lilitegemea dadu ya nani aanze.

Nilimwandikia mwenye mchawi nikamweleza haya yote. Akajibu kwa swali moja: je, tungeweza kukimbia? Tungeweza. Sikuwaambia. Sanduku nalo halikunikumbusha, na mwaka 1974 wangekuwa wameamua wenyewe pale juu ya ngazi.

Programu yangu sasa inauliza mambo mawili zaidi kabla ya kutoa namba: mchawi amebakiwa na nini, na njia ya kutorokea iko wapi. La pili bado sijui niliingize vipi katika hesabu, kwa hiyo kwa sasa linachapisha maandishi tu kwenye skrini. Msimbo nitauweka hapa nikimaliza kuusafisha.