Gereji ya Menlo Park na mkutano wetu wa kila mwezi



Kwenye mkutano wetu wa siku ya posho mwezi uliopita tulikuwa watu 19. Wakati tulipoanza, tukitoka tu Nyarugusu na Lugufu, viti vilikuwa vinakosa. Mama mmoja alisimama akatuuliza wazi: “Kila mwezi munakaa, munasema, munarudi nyumbani. Faida iko wapi?” Na kijana mmoja ambaye sisi wote tulimtegemea hakuja, kwa mara ya tatu. Sababu yake tunaijua, tutaisema hapa chini.

Tuliahidi kumjibu yule mama katika gazeti letu hili. Tumechagua kumjibu kwa historia ya watu wengine waliokuwa wanakutana kama sisi, juu yao nao waliulizwa maswali hayo hayo.

Turudi mwaka 1975. Nchi yetu iliitwa Zaire. Wakati ule kompyuta ilikuwa mashini ya serikali, benki, jeshi na vyuo vikuu. Nyingine zilijaza chumba kizima, na mtu wa kawaida hakuzigusa. Basi Januari ya mwaka ule, gazeti moja la Marekani liitwalo Popular Electronics lilionyesha kwenye jalada lake kompyuta ya kununua na kuiunga mwenyewe nyumbani: Altair 8800. Bei yake ilikuwa chini ya dola 400. Ilikuwa sanduku la chuma lenye swichi na taa ndogo mbele. Haikuwa na skrini wala kibodi. Kumbukumbu yake ilikuwa baiti 256, hazitoshi hata kuandika SMS mbili. Wengi walioipokea kwa posta walibaki wanajiuliza: sasa tuifanyie nini?

Hapo njo mkutano ulizaliwa. Katika mji wa Menlo Park, jimbo la California, wanaume wawili, Fred Moore na Gordon French, waliwaita watu waliopenda mambo haya. Moore alikuwa mtu wa amani aliyepinga vita, na alikuwa na kawaida ya kuandika majina ya watu: huyu anajua nini, huyu anatafuta nini. French alikuwa na gereji. Usiku wa siku ya tatu, tarehe 5 Machi 1975, walifika watu 32 hivi. Katikati yao Altair moja ilikuwa imewekwa ili kila mtu aione. Hakukuwa na katiba, hakukuwa na mfadhili. Siku kumi baadaye Moore alitoa karatasi ya kwanza ya habari za chama, akaipeleka kwa wanachama. Chama kiliitwa Homebrew Computer Club, maana yake chama cha kompyuta za kutengenezwa nyumbani.

Walikuwa wanakutana kila wiki mbili. Gereji ilipokuwa ndogo walihamahama, mwisho wakapata ukumbi mkubwa kwenye kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Stanford. Stanford hiyo wazee wetu wa Fizi wana sababu ya kuijua. Mwezi Mei wa mwaka ule ule wa 1975, wapiganaji wa PRP ya Laurent-Désiré Kabila walivuka Ziwa Tanganyika, wakateka kule Gombe wanafunzi watatu wa Stanford na mtafiti mmoja Mholanzi, wakawaleta upande wetu. Baadaye wote waliachiliwa wakiwa hai. Tunalikumbusha hili ili muone kwamba wakati wale wanacheza na taa na swichi, ziwa letu lilikuwa tayari na vita vyake. Hatukuanza sawa. Lakini namna yao ya kukutana tunaweza kuitazama.

Mkutano uliongozwa na Lee Felsenstein, fundi wa umeme. Aliugawa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, watu walisimama kwa zamu na kusema kwa kifupi: nina kitu hiki, ninatafuta kitu hiki, nimesikia habari hii. Hakuna hotuba. Sehemu ya pili, kila mmoja alimtafuta yule aliyemsikia. Mwenye shida ya kumbukumbu alikwenda kwa mwenye kujua kumbukumbu. Vipande vilibadilishana mikono, na michoro ilinakiliwa.

Siku moja mwaka ule wa 1975 mwanachama mmoja, Steve Dompier, alileta Altair yake na redio ndogo. Aliweka redio karibu na sanduku. Alikuwa amegundua kwamba kompyuta ikifanya hesabu, redio inapiga kelele, na kila hesabu ina sauti yake. Akaipangia hesabu mpaka redio ikaimba wimbo wa Beatles. Watu walisimama wakapiga makofi. Mashini iliyodharauliwa ilikuwa imeimba, na aliyeifanya iimbe alikuwa mwenzao.

Kwenye mkutano ule wa kwanza kabisa alikuwako pia kijana mwenye haya, Steve Wozniak, aliyekuwa anafanya kazi kwenye kampuni ya vikokotoo. Alirudi nyumbani na karatasi ya maelezo ya kipande kimoja, akaanza kuchora kompyuta yake. Michoro ile aliwagawia wanachama bure. Rafiki yake Steve Jobs ndiye aliyesema tuiuze, na tarehe 1 Aprili 1976 wakaanzisha Apple. Kampuni zaidi ya 20 zilitoka kwa watu wa chama kile. Lakini kama mngewauliza katika miezi ya kwanza waandike ripoti ya matokeo, wangeandika nini? “Tulikutana. Redio iliimba.”

Sasa tufike kwenye ile shida, kwa sababu chama kile hakikuwa paradiso.

Katikati ya 1975 kampuni iliyouza Altair ilileta maonyesho katika mji jirani. Huko mtu alichukua utepe wa karatasi wenye programu ya BASIC, ile lugha iliyofanya Altair ianze kufaa kwa kazi. Utepe ulinakiliwa mara nyingi, ukagawiwa kwenye mkutano, na sharti lilikuwa hili: ukichukua mmoja, urudishe miwili. Kwao ilikuwa kusaidiana. Walioandika programu ile waliiona namna nyingine. Mmoja wao alikuwa Bill Gates, kijana wa miaka 20. Februari 1976 aliandika barua ya wazi kwa watu wa kompyuta za nyumbani, na gazeti la chama likaitoa. Alisema kwamba wengi wao wanaiba kazi yake, na akauliza ni nani atakayefanya kazi nzuri bila malipo. Wengi walikasirika.

Ndugu, tukisoma barua ile tunamwona kijana wetu asiyekuja. Munajua alivyotengeneza kwenye kompyuta yetu kile kitabu cha hesabu za likelemba: unaingiza majina na michango, chenyewe kinatafuta jumla na kuonyesha nani amebakiza deni. Alifanya kazi ile miezi mitatu, usiku, wakati betri ya sola ingali na nguvu. Akatupa sisi bure. Kisha mmoja wetu akakibeba kwenye fulashi, na leo kinauzwa dola 10 kwenye duka moja la kupiga mashini na fotokopi mjini. Mwenyewe hakupata hata franka moja, na jina lake limefutwa. Tulipomwendea nyumbani alituambia: “Mulisema ni mali ya wote. Kumbe ni mali ya wote isipokuwa mimi.”

Hatukuwa na jibu siku ile.

Watu wa Homebrew nao walikuwa na majibu yaliyotofautiana. Wengine waliandika lugha ndogo yao wenyewe, wakaitoa bure kwa ruhusa ya mwandishi. Tom Pittman, mwanachama, alichukua njia ya katikati: aliandika BASIC ndogo akaiuza dola 5 tu, ili kulipa kuwe rahisi kuliko kunakili. Na watu wakalipa. Wote hawa walikubali jambo moja ambalo sisi tulilisahau: aliyefanya kazi ndiye wa kwanza kuulizwa kama itolewe bure au iuzwe.

Tusijidanganye. Wale walikuwa karibu wote wanaume wenye kazi na mshahara, katika mji ambao vipande vya kompyuta vilikuwa vinatengenezwa jirani. Sisi tuna kompyuta tatu za zamani, na wengi wetu tunatoka shambani. Tena, feza ilipoingia, baadhi yao waliacha kusimulia walichokuwa wanatengeneza, kwa hofu ya kuibiwa siri. Fred Moore, aliyetaka kusaidiana kuliko biashara, aliondoka mapema. Chama kilifanya mkutano wake wa mwisho Desemba 1986. Kilikuwa kimeishi miaka 11.

Kwa hiyo mama, jibu letu ni hili. Mkutano una faida kama mtu anaondoka akijua ni nani amfuate kesho asubuhi. Yetu imekuwa ya hotuba, na sisi tunaoiandaa ndio wa kwanza kulaumiwa. Kwa wafadhili tunaomba hivi: kwenye fomu ya ripoti mutupe fasi ya kuandika nani alikutana na nani, na nini kilifuata, hata kama kimefuata baada ya mwaka.

Siku ya posho ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, tutajaribu namna ile. Kila mtu atasema mambo matatu: nina nini, ninatafuta nini, nimesikia nini. Mwenye mbegu za mihogo, mwenye cherehani iliyokufa, mwenye mtoto anayetafuta masomo, wote wana zamu. Karani ataandika majina kama Fred Moore alivyofanya.

Na kabla ya zamu hizo, tutamaliza deni moja. Tumekwenda kwa mwenye duka, amekubali kurudisha jina la kijana wetu na kuja kuzungumza naye mbele yetu. Yule aliyebeba fulashi ameomba kusimama mwenyewe. Kijana tumempelekea habari. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Kiti chake kitakuwa mbele.