Mpagazi Asiye na Gwaride: Ukumbusho wa Vita Vikuu vya Dunia Usukumani na katika Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari Waafrika waliokuwa bado hai miongoni mwa wale waliopigana chini ya Paul von Lettow-Vorbeck katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Charles Miller, katika kitabu chake Battle for the Bundu cha mwaka 1974, anasimulia kwamba ofisi ya muda ya malipo ilifunguliwa Mwanza, nao wazee wapatao 350 wakajitokeza. Wachache walikuwa na hati walizopewa wakati wa vita. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Kwa wasio na ushahidi wowote, mlipaji alitumia njia yake mwenyewe: kila mzee alikabidhiwa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani kufanya mazoezi ya bunduki. Kwa maelezo ya Miller, hapana mzee hata mmoja aliyeshindwa.

Waandishi wa Ulaya wamependa mno masimulizi haya, na kwa sababu hiyo yanahitaji kusomwa kwa hadhari. Mara nyingi yamesimuliwa kama uthibitisho wa utiifu wa askari kwa Wajerumani, ilhali kinachoonekana kwanza ni mishahara iliyocheleweshwa kwa miaka 46. Jambo la pili, ambalo ndilo kiini cha insha hii, ni kipimo kilichotumika. Aliyeweza kuonesha gwaride alihesabiwa kuwa alishiriki vita. Mpagazi, ambaye hakufundishwa gwaride wala kupewa hati, hakuwa na cha kuonesha mbele ya meza ile. Inajadiliwa hapa kwamba kipimo hicho kimeendelea kutawala kumbukumbu rasmi za vita nchini Tanzania, na kwamba Usukuma, ikiwemo Shinyanga na Geita ya leo, una namna yake ya ukumbusho ambamo mpagazi anaweza kupatikana, endapo wanaoandaa matamasha ya urithi watakubali kumtafuta huko.

Vita viliingia katika eneo hili kwa uzito mkubwa mwaka 1916. Waingereza waliiteka Mwanza tarehe 14 Julai. Kutoka huko kikosi cha Brigedia Crewe kilielekea kusini kupitia Shinyanga, wakati safu ya Wabelgiji ikishuka kutoka Biharamulo, upande wa magharibi wa nchi ya dhahabu ya sasa. Majeshi yote mawili yalikuwa yakikimbilia Tabora, na Wabelgiji ndio waliotangulia kuingia, tarehe 19 Septemba 1916. Katika ramani za kijeshi mwendo huo huchorwa kwa mishale michache. Ardhini ulikuwa safari ya wiki nyingi katika nchi isiyo na reli wala barabara za magari, na kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilisafiri juu ya kichwa au bega la mtu. Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walihitaji wapagazi, na wavamizi waliowafuata walihitaji wapagazi vilevile. Kijiji kimoja kiliweza kutoa watu kwa pande zote mbili ndani ya msimu mmoja, na mtemi aliyeshindwa kuwatoa alijiweka katika hatari.

Kwa Wasukuma na Wanyamwezi jambo hili lilikuwa na uchungu wa pekee. Katika karne ya 19 upagazi ulikuwa kazi ya heshima. Stephen Rockel ameonesha katika utafiti wake kuhusu wapagazi wa misafara kwamba hao walikuwa wafanyakazi wenye ujuzi, waliojadiliana juu ya ujira na uzito wa mzigo, wenye nyimbo na nidhamu yao wenyewe. Kijana aliyefika pwani na kurudi alirudi mtu mzima. Vita vilichukua jina la kazi ile ile vikaliondolea hiari, ujira wa haki na matumaini ya kurudi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, idadi ya wapagazi waliokufa katika mapambano ya Afrika Mashariki hutajwa kuwa zaidi ya 95,000, wengi wao wakiuawa na kuhara damu, homa ya mapafu na njaa badala ya risasi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021, baada ya uchunguzi wa ndani, kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Tofauti kati ya takwimu hizo mbili ni zaidi ya watu laki mbili. Ni vigumu kupata kielelezo kilicho wazi zaidi cha maana ya kufa bila kuandikwa.

Inafaa kutaja hapa, kwa kupita, sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ambayo Wajerumani waliifua Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, yenye picha ya tembo mbele ya mlima. Sarafu hiyo inatafutwa leo na wakusanyaji wa dunia nzima, na idadi ya zile zilizofuliwa inajulikana. Dola lilihesabu sarafu zake kwa makini kuliko lilivyowahesabu watu waliobeba mizigo yake.

Alama rasmi za ukumbusho nchini zinathibitisha mwelekeo huo. Mnara wa Askari wa Dar es Salaam, uliozinduliwa mwaka 1927, una maandishi yanayowataja wapagazi, lakini sanamu yenyewe ni ya askari mwenye bunduki, na mpita njia huona sanamu kabla ya kusoma maandishi. Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, ni ukumbusho mkubwa kuliko mnara wowote, ingawa wanaolitaja kila siku sokoni hawalitumii kwa nia ya kumkumbuka mtu. Katika Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, viongozi huweka mnarani mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka na shada la maua. Vyote isipokuwa maua ni vyombo vya kupigania. Hakuna mzigo, hakuna kata ya kichwani, hakuna kibuyu cha maji.

Songea imepiga hatua tofauti. Kila mwaka mwezi Februari watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, na mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo kuomba msamaha. Lakini Majimaji ina kaburi, tarehe, majina ya waliouawa na koo zinazowadai. Wapagazi wa Usukuma walizikwa kando ya njia, mbali na kwao, katika nchi ambazo jamaa zao hawakuzijua. Kwa hiyo kuuhamishia Shinyanga mfano wa Songea bila kuubadili ni kujenga mnara usio na la kuandikwa juu yake.

Penye uhaba wa makaburi, Usukuma una wingi wa ngoma. Baada ya vita vya kwanza ngoma ya Beni, iliyoanzia mwambao, ilienea hadi bara pamoja na askari, wapagazi na mateka waliorudi makwao. Terence Ranger ameifuatilia safari hiyo pamoja na gwaride lake na vyeo vyake vya kuigiza. Usukumani tayari palikuwa na utamaduni imara wa mashindano kati ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vinavyogawana hadhira baada ya mavuno, kila kimoja kikimtegemea manju wake kuwavuta watu kwa utunzi na mbinu mpya. Frank Gunderson amekusanya mamia ya nyimbo za kazi za Kisukuma, na nyimbo za wapagazi zimo. Tamasha la Bulabo, linalofanyika Bujora karibu na Mwanza ambapo Padri David Clement alianzisha Makumbusho ya Wasukuma, limeyapa mashindano hayo uwanja wa kudumu.

Pingamizi la kitaaluma linajulikana: manju hubadili wimbo kila msimu, na kinachoimbwa leo si hati ya mwaka 1916. Pingamizi hilo ni la kweli, ila linafaa pia kuelekezwa kwenye daftari la ofisa wa vita, ambaye aliandika idadi ya mizigo na kuacha majina. Wimbo uliobadilishwa bado unaonesha kile ambacho vizazi viliona kinastahili kubaki.

Vita vya Pili vinatoa picha iliyo tofauti kidogo. Watanganyika wapatao 87,000 waliingia jeshini, wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma. Safari hii walirudi na nishani, na kwenye Siku ya Mashujaa wazee wao wamekuwa na mwakilishi anayeweka shoka mnarani. Shaaban Robert aliviandikia vita hivyo utenzi mrefu kwa Kiswahili. Lakini sheria za wakati wa vita ziliwachukua pia vijana kwa lazima kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na mpira, na hao walirudi bila nishani, kama baba zao wapagazi. Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, vita vikiwa vimekwisha kuanza, jina la mgunduzi na almasi ya waridi aliyopewa Binti Mfalme Elizabeth husimuliwa hadi leo. Wafanyakazi wa miaka ile hawasimuliwi.

Geita, iliyofanywa mkoa mwaka 2012, ina ugumu wake. Wakazi wengi wa miji ya machimbo wametoka mikoa mingine, na tukio kubwa la hadhara la kila mwaka ni maonesho ya teknolojia ya madini, yanayotazama kesho. Tamasha la urithi litakaloanzishwa huko litashawishika kuanza na gwaride, kwa kuwa gwaride ni rahisi kuandaa na linapendeza viongozi. Kazi ngumu zaidi, na yenye thamani zaidi, ni kuwauliza wazee wa koo ni nani aliyeondoka na mzigo asirudi, kuyaandika majina hayo kwa Kisukuma kama yanavyotamkwa, kisha kuwakabidhi mamanju wa Bagika na Bagalu wayashindanie uwanjani. Watoto wa wapagazi wale, waliobaki hai, wamekwisha kupita miaka 100. Wajukuu wao ndio wanaoweza kuulizwa sasa.